Ukoko wa Chokaa: Kutoka Birika la Mkomani Hadi Kisima cha Mafuta

Katika nyumba nyingi za Mkomani, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, birika la chai lililotumika kwa miezi michache tu huonyesha alama moja. Ndani yake, chini na ubavuni, hushika ukoko mweupe. Ni mgumu kama ukoko wa wali ulioungua, lakini hauliki, wala hautoki kwa kusuguliwa. Maji yaliyotiwa humo yalikuwa maangavu. Yalitekwa kisimani yakachujwa kwa kitambaa, na hapana aliyeona mchanga wala tope. Basi jiwe hilo limetoka wapi?

Swali hilo ni dogo jikoni, lakini ni kubwa mahali pengine. Ukoko wa namna hiyo waweza kuziba kisima cha mafuta chenye kina cha maelfu ya futi, ukaharibu mitambo ya thamani na kuwakosesha watu mapato yao. Kusudi la somo hili ni kueleza jinsi jiwe linavyozaliwa ndani ya maji maangavu, kwa nini dawa zinazotumiwa kuyatoa mafuta yaliyobaki ardhini zaweza kulizaa kwa wingi, na njia ambazo mafundi hutumia kulizuia.

MAJI YA MWAMBANI

Ardhi ya Mkomani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Matumbawe ya pwani hii ndiyo yaliyochongwa kuwa mawe ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593. Ndiyo yaliyochomwa tanuuni kuwa chokaa ya kupaka nyumba. Na ndiyo yaliyochimbwa Bamburi, kaskazini ya Mkomani, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka wa 1954. Kwa hiyo mtu wa Mkomani anapochimba kisima, anachimba ndani ya chokaa.

Mvua inaponyesha huchukua hewa ya ukaa, kidogo angani na zaidi udongoni penye mizizi na majani yaliyooza. Hapo maji hupata ukali kidogo, kadiri ambayo ulimi hauwezi kuonja. Ukali huo mdogo watosha kuula mwamba. Maji yanapofika kisimani yamekwisha beba chokaa iliyoyeyuka, nayo haionekani, kama chumvi isivyoonekana katika mchuzi. Wataalamu huyaita madini hayo kalsiamu, pamoja na mwenziwe magnesiamu. Na maji yenye madini hayo kwa wingi huitwa maji magumu. Kila afuaye nguo aijua dalili yake: sabuni haitoi povu upesi, na utando mweupe huelea juu ya karai.

Maji hayo yakichemshwa, hewa ile ya ukaa hutoka pamoja na mvuke. Chokaa haina tena cha kuishikilia majini, nayo hurudi kuwa jiwe na kushika pale penye moto zaidi. Hasara yake si sura ya birika tu. Ukoko hupitisha moto kwa shida, kwa hiyo makaa zaidi huchomwa kwa chai ile ile; na chuma cha umeme cha kuchemshia maji, kikivikwa ukoko, huungua kabla ya wakati wake.

Yafaa kusema hapa kwamba chokaa hiyo yenyewe haimdhuru mnywaji. Adui wa mnywaji ni vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo mtu asiache kuchemsha maji ya kisima kwa sababu ya kuuchukia ukoko.

JARIBIO LA MAGADI

Liko jaribio rahisi ambalo kila nyumba yaweza kulifanya. Chukua magadi kidogo ya dukani, yale yanayotiwa katika maharagwe, uyayeyushe katika maji ya mvua, kisha uyaache yatulie na kuyachuja kwa kitambaa safi. Weka bilauri mbili mezani: moja ya maji ya mvua, ya pili ya maji ya kisima. Katika kila moja tia vijiko viwili vya maji ya magadi.

Bilauri ya maji ya mvua itabaki angavu. Ile ya maji ya kisima, ikiwa maji yake ni magumu, itaingia ukungu kama maji yaliyooshea mchele. Na baada ya muda unga mweupe utatua chini. Maji hayo yasinywewe, yamwagwe.

Unga ule ni chokaa. Haukuwa ndani ya magadi, kwa maana magadi yalichujwa yakawa maangavu. Wala haukuonekana katika maji ya kisima. Umezaliwa pale vitu viwili vilipokutana: kalsiamu ya kisima ilishikana na kaboneti ya magadi, na kwa pamoja hazikuweza tena kukaa katika maji. Hili ndilo neno kuu la somo lote. Maji mawili, kila moja likiwa safi peke yake, yaweza kuzaa jiwe yakikutana. Aliyelifahamu jambo hili katika bilauri ameifahamu nusu ya shida ya mafundi wa mafuta.

MAFUTA YABAKIAYO ARDHINI

Watu wengi hudhani kwamba mafuta hukaa ardhini kama maji ya ziwa ndani ya pango. Sivyo. Hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yakaavyo ndani ya jiwe la matumbawe lililoloweshwa. Kisima kikichimbwa, kwanza mafuta hupanda kwa nguvu za ardhi yenyewe. Nguvu hizo zikipungua, mafundi husukuma maji kwa kisima kimoja ili yayaendeshe mafuta mpaka kisima cha pili. Hata baada ya kazi hiyo, mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki, yameng'ang'ania mwamba.

Kila mpishi ajua sababu. Sufuria yenye mafuta haitakati kwa maji matupu. Yahitaji sabuni au jivu. Mafundi nao hutia dawa katika maji yanayosukumwa ardhini, na dawa hizo ni za namna tatu. Ya kwanza ni alkali, jamaa ya magadi na jivu, ambayo ikikutana na asidi zilizomo katika baadhi ya mafuta hufanya sabuni mle mle mwambani. Ya pili ni sabuni iliyotengenezwa kiwandani, ya kuyabandua mafuta. Ya tatu ni polima, inayoyafanya maji yawe mazito mfano wa uji mwepesi, ili yayasukume mafuta kwa usawa yasipenye pembeni na kuyaacha nyuma.

Alkali itumiwayo katika kazi hiyo mara nyingi ni magadi yaliyosafishwa, namna ile ile ya chumvi iliyochimbwa katika Ziwa Magadi na kampuni iliyoundwa mwaka wa 1911, ikaletwa Mombasa kwa gari la moshi ili kusafirishwa ng'ambo. Basi msomaji aliyefanya jaribio la bilauri aweza kukisia mwenyewe litakalotokea magadi hayo yatakapokutana na maji magumu chini ya ardhi.

HATARI YA KUKUTANA

Maji yanayokaa pamoja na mafuta mwambani ni ya kale sana, na mara nyingi yana chumvi kuliko bahari. Huwa yamebeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Magadi yakiyafikia, unga mweupe huanguka ndani ya vitundu vile vile ambavyo mafuta yangepitia. Sabuni nayo huganda kama utando wa karai, ikapoteza kazi yake. Polima hujikunja, na uzito wa maji hupungua. Hivyo hasara huwa mara mbili: dawa ya thamani imekwisha, na njia imezibwa.

Iko hatari nyingine isiyoonekana katika bilauri. Alkali iliyo kali sana huula mchanga wenyewe wa mwamba na kuyeyusha silika, ambayo ndiyo asili ya kioo. Maji yenye silika hiyo yakikaribia kisima cha kutolea mafuta hukutana na maji mengine yasiyo na ukali huo, na silika huanguka. Ukoko wake ni mgumu kama kigae cha chupa.

Jambo hili lilionekana wazi huko Daqing, kaskazini mashariki ya China, katika eneo la mafuta lililogunduliwa mwaka wa 1959. Mafundi wa huko walitumia alkali, sabuni na polima kwa pamoja, na mafuta mengi yaliyobaki yalitoka. Lakini mahali palipotumiwa alkali kali, ukoko ulishika pampu za visima, zikakwama na kuhitaji matengenezo mara kwa mara. Baadaye walielekea zaidi kwenye alkali iliyo pole, yaani magadi yaliyosafishwa, ili kuipunguza taabu hiyo.

Wala si lazima pawepo alkali ndipo jiwe lizaliwe. Katika Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza na Norway, mafundi walisukuma maji ya bahari ndani ya miamba ya mafuta. Maji ya bahari yana salfeti. Maji ya miamba ile yalikuwa na bariamu. Yalipokutana yalizaa ukoko mzito usioyeyuka hata kwa asidi, tena wakati mwingine wenye radiamu, kitu chenye mionzi inayowadhuru wafanyakazi wanaousafisha.

Hapa Kenya shida iliyo jamaa na hiyo yajulikana Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme umetengenezwa kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka wa 1981. Maji ya moto yanayotoka pamoja na mvuke hubeba silika. Yakiwa moto sana huishikilia. Yakipoa huiacha, nayo huganda katika mabomba. Kwa sababu hiyo mafundi wa mitambo ya namna hiyo huuangalia sana ujoto wa maji kabla ya kuyarudisha ardhini.

NJIA ZA KUZUIA

Mtu akiisha kufahamu kwamba jiwe huzaliwa pale vitu vinapokutana, kinga yake si fumbo tena. Ama maji yatengenezwe kabla ya kukutana, ama kukutana kwenyewe kuzuiwe, ama jiwe lizuiwe lisikue. Njia kubwa ni hizi:

1. Kuyapima maji kwanza. Maji ya kusukumwa na maji ya mwamba hupimwa yote mawili, kisha huchanganywa katika chupa kwa ujoto ule ule wa kisimani, na kuangaliwa kama yataingia ukungu. Ni jaribio lile lile la bilauri, ila hufanywa kwa vipimo. Gharama yake ni ndogo, na kuliruka ndiko kunakoleta majuto.

2. Kuyalainisha maji. Maji magumu hupitishwa katika chombo kilichojaa chembe za utomvu wa kutengenezwa. Chembe hizo huikamata kalsiamu na magnesiamu na kutoa sodiamu badala yake. Zikichoka, huoshwa kwa maji yenye chumvi nyingi ya kawaida, zikapata nguvu tena. Maji ya bahari nayo hupitishwa katika vichujio vyenye matundu madogo mno vinavyoizuia salfeti. Njia hiyo ilianza kutumiwa katika Bahari ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980.

3. Kutanguliza maji laini. Kabla ya dawa kuingia, maji yasiyo na chokaa husukumwa mbele yake ili yawe kama ukuta baina ya dawa na maji ya mwamba. Ukuta huo si kamili, maana maji huchanganyika njiani. Kwa hiyo njia hii haitegemewi peke yake.

4. Kuchagua alkali kwa busara. Penye mwamba wa mchanga ulio mwepesi kuyeyuka, alkali pole ni salama kuliko ile kali. Na penye kalsiamu nyingi isiyoondoleka, yafaa kufikiri kama alkali itumiwe kabisa, au sabuni na polima zivumiliazo chumvi zitumiwe peke yake.

5. Kutia dawa ya kuzuia ukoko. Ziko dawa ambazo kiasi kidogo sana, sehemu chache tu katika sehemu milioni moja za maji, chaweza kuzuia jiwe lisikue. Haziondoi kalsiamu. Hushika ile mbegu ya kwanza ya jiwe na kuizuia isiongezeke, kama mkulima apogoavyo chipukizi. Mara nyingine dawa hiyo husukumwa ndani ya kisima cha kutolea mafuta na kuachwa ishikamane na mwamba; kisha hurudi kidogo kidogo pamoja na maji kwa muda wa miezi.

6. Kusafisha. Hii ni tiba, si kinga. Ukoko wa chokaa huyeyuka kwa asidi, lakini ukoko wa bariamu haukubali asidi, na ule wa silika huhitaji asidi ya hatari kubwa. Mara nyingi hapana budi kuukwangua kwa mitambo, huku kisima kikiwa kimesimama bila kutoa kitu.

Inafaa kukumbuka jambo moja zaidi. Baadhi ya mafuta yana nta nyingi, ambayo huganda yakipoa na kuziba mabomba. Dawa yake ni moto. Lakini ukoko wa chokaa huongezeka maji yakipata moto, kama birika lionyeshavyo. Fundi asiyetofautisha vizibo hivyo viwili aweza kuponya kimoja na kukuza kingine.

FAIDA KWA NANI?

Mtu wa Mkomani aweza kuuliza: mambo haya yanamhusu nini? Mwaka wa 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, huko Lokichar katika Turkana. Mwezi wa Juni 2018 malori yalianza kuyaleta mafuta hayo mpaka Changamwe, katika matangi ya kiwanda kilichosafisha mafuta tangu 1963 hadi 2013. Mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza, zaidi ya mapipa 200,000, iliondoka bandarini Mombasa. Ni mafuta yenye nta nyingi. Na mpango uliowekwa wa kuyatoa kwa wingi ulitaja kusukuma maji ardhini, maji hayo yakitoka katika Bwawa la Turkwel. Huko Uganda nako, mpango wa mafuta ya bonde la Ziwa Albert ulichagua maji ya ziwa hilo kwa kazi kama hiyo.

Maji ya bwawa na ya ziwa ni ya juu ya ardhi. Maji ya mwambani ni ya chini. Hayakupata kuonana tangu kuumbwa kwake. Kwa hiyo jaribio la kwanza katika orodha iliyo hapo juu linazihusu nchi hizi waziwazi, hata kabla ya siku ya kufikiriwa alkali au sabuni.

Tena kuna hesabu ya haki. Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka wa 2019 iliamuru kwamba katika mapato ya Serikali yatokanayo na mafuta, asilimia 20 iende kwa kaunti yenye mafuta na asilimia 5 kwa wenyeji wa mahali pale. Basi kisima kikizibwa na ukoko, hasara haiwi ya kampuni peke yake. Ni pungufu katika fungu la mfugaji wa Lokichar, aliyetoa malisho yake kwa kutumaini shule, zahanati na maji. Naye hatauona ukoko huo. Ataona tu kwamba ahadi imechelewa. Kwa sababu hiyo ni haki ya wenyeji na wawakilishi wao kuuliza swali jepesi: je, maji haya mawili yamepimwa pamoja, na matokeo yake ni nini? Mtu hahitaji kuwa mhandisi ili kuuliza hivyo. Yatosha awe amewahi kuosha birika.

KURUDI JIKONI

Nyumbani Mkomani kinga ni zile zile kwa udogo wake. Maji ya mvua yakikingwa vizuri katika pipa safi lenye kifuniko, yafaa kwa kufulia na kwa birika, baada ya kuchemshwa kwa ajili ya kunywa. Birika lenye ukoko litiwe maji pamoja na siki au maji ya ndimu, lipashwe moto kidogo na kuachwa usiku kucha. Asubuhi ukoko utakuwa umelainika, nalo lisuuzwe vema kabla ya kutumiwa. Afadhali kufanya hivyo kila baada ya majuma machache, ukoko ukiwa mwembamba kama karatasi, kuliko kungoja uwe mnene kama kigae.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maji neno hilo ni kweli jikoni na kisimani vilevile: jiwe ambalo halijazaliwa huzuiwa kwa kijiko cha dawa, likiisha kuzaliwa huhitaji nyundo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji ya kisima cha Mkomani huacha ukoko, na maji ya mvua hayaachi?
2. Katika jaribio la bilauri mbili, unga mweupe ulitoka wapi?
3. Taja dawa tatu zinazotiwa katika maji ili kuyatoa mafuta yaliyobaki, na kazi ya kila moja.
4. Kwa nini alkali kali yaweza kuleta ukoko wa silika?
5. Kama maji ya bwawa yatasukumwa katika mwamba wa mafuta, ni jambo gani lifanywe kwanza, na ni nani apataye hasara lisipofanywa?